Uzi: Pemba hadi Lushoto kwa pikipiki, tupange safari kwa kuanzia siku ya kuteremka

Mtambile125

Assalaam alaykum wapenzi wa magurudumu mawili. Tuko wanne, pikipiki tatu, sote wa kusini Pemba. Honda XL 125 mbili, na Boxer 150 moja ambayo mimi nitampakia mke wangu. Nia yetu ni kuvuka kwenda Tanga masika yakishamalizika, kisha tupande Lushoto kwa barabara ya Mombo. Jambo hili limezungumzwa barazani siku nyingi. Sasa pesa imepatikana na ruhusa za kazini zimepatikana, kilichobaki ni kulipanga vizuri.

Kisiwa chetu kina kona nyingi. Mtu aliyezoea Chake hadi Mkoani, au njia ya zamani ya Wete, huwezi kumwambia hajui kukata kona. Lakini vilima vyetu havifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari, na mteremko wetu mrefu kabisa unakwisha kabla breki hazijapata moto. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na katika hizo unapanda kiasi cha mita 1,000, maana Mombo iko bondeni na Lushoto iko karibu na mita 1,400.

Kila ninayemweleza huniuliza, hiyo pikipiki itapanda? Swali hilo halinisumbui. Gia ya tatu ikishindwa nitarudi ya pili, ya pili ikishindwa nitashika ya kwanza, na ikishindwa kabisa itasimama na hakuna atakayeumia. Kinachonishughulisha ni siku ya kurudi: mizigo juu, mke nyuma, kilomita 33 za kuteremka, na malori ya mboga mbele na nyuma yetu. Nataka safari nzima ipangwe kutokea hapo. Chombo kitengenezwe kwa ajili ya kuteremka, mizigo ipimwe kwa ajili ya kuteremka, na hata siku za meli zihesabiwe kutokea siku ile. Waliokwenda naomba mseme mnayoyajua.

Fundi_Kwerekwe

Waalaykum salaam. Nimefurahi kuona mtu ameanza na breki, maana wengi wanaoletwa hapa gereji kabla ya safari huanza na mafuta na kuosha pikipiki.

Boxer yako, kama ni hizi za kawaida, ina breki za ngoma mbele na nyuma. Breki ya ngoma ukiishika mfululizo kwenye mteremko inapata moto, ngoma yenyewe inatanuka na kujitenga na brekishuu zinazoishika kwa ndani, na brekishuu nazo zikishika moto mshiko wao unapungua. Unakanyaga, pedali inakwenda chini zaidi kuliko kawaida, na chombo hakipungui. Ya diski nayo ina lake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na sisi watu wa visiwani unyevu tunao wa kutosha. Mafuta yenye maji yakichemka hutoa mapovu, na povu hubonyea. Mkono wa breki unafika hadi kwenye mpini na gurudumu linaendelea kuzunguka. Kwa hiyo mwenye diski abadilishe mafuta yote, asiongezee tu juu, na mwenye ngoma aweke brekishuu mpya wiki mbili kabla ya safari ili zizoeane na ngoma yake.

Halafu ifanye injini ndiyo breki yako ya kwanza. Kona uliyoipanda kwa gia ya pili iteremke kwa gia ya pili. Usishike klachi, usiweke frii, na wale wanaozima injini ili kubana petroli msiwasikilize hata kidogo. Ukihitaji breki, ishike kwa nguvu muda mfupi kabla ya kona, kisha iachie kabisa ipoe. Kidole kinachokaa juu ya breki njia nzima ndicho kinachoiunguza.

Na kuhusu kupanda, sproketi ya mbele, ile yenye meno inayovuta cheni, punguzeni jino moja. Mtapoteza kasi kidogo kwenye lami ya Segera, lakini mlimani chombo kitavuta vizuri, na wakati wa kuteremka injini itashika zaidi. Msishangae pia nguvu ikipungua huko juu. Hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Msiguse jeti ya kabureta, ile inayopimia petroli. Safisheni chujio la hewa, inatosha.

Kijana_Darajani

Yakhe, kama mnavuka bara kwa nini msiende kwenye milima yenyewe? Piteni Dar, mkapande Kitonga, mlale Iringa, mfike Mbeya. Kutoka Uyole kushuka Tukuyu hadi Kyela ni kona na migomba na mashamba ya chai njia nzima. Na ile ya Mbeya kwenda Chunya pale juu inapita mita 2,400! Lushoto ni karibu mno, mtu anakwenda kwa daladala.

Dereva_wa_Masafa

Mdogo wangu, barabara hizo ninazijua na sifa zake ni za kweli. Kitonga ni lami nzuri na kona zake zinapendeza macho. Lakini hiyo ndiyo njia kuu ya kwenda Zambia. Malori ya makontena na matangi ya mafuta yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mengine yanashuka breki zikinuka, na madereva wa mabasi wana haraka. Nyuma ya lori hewa ni moshi mtupu, na huwezi kupita mpaka uone mbele. Kabla hujafika hapo umekwisha kuvuka Mikumi, kilomita 50 ndani ya hifadhi, wanyama wanakatiza barabara na ukimgonga mnyama kuna faini. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500. Mtu wa 125 aliyepakia akifika Kitonga mikono imekufa ganzi, na mikono ndiyo inayohitajika pale.

Barabara ya Lushoto ni nyembamba lakini haipitiwi na malori ya masafa marefu. Inaishia mlimani. Anayekwenda huko anakwenda huko. Kwa mtu anayeonja mlima kwa mara ya kwanza ni mwalimu bora zaidi. Mbeya wataiendea mwaka mwingine, inshallah, wakiwa wanajua mkono wao unachoka baada ya saa ngapi.

BintiKonde

Nimesoma yote na sijaona mtu aliyemzungumzia huyo anayepakiwa. Mimi hupakiwa na mume wangu, na njia ya Lushoto nimeipita hivyo hivyo, kwa hiyo kaka Mtambile naomba umsomee shemeji haya.

Kwanza mavazi. Buibui na mtandio unaopepea ni hatari kuliko kona yoyote, maana kitambaa kikiingia kwenye cheni au spoki kinamvuta mtu chini. Avae suruali pana ya kitambaa kizito, koti refu lililofungwa vifungo, viatu vya kufunika kisigino, na mtandio uchomekwe ndani ya koti kabla ya helmeti. Buibui likae begini, atalivaa akifika. Sitara yake iko kamili na usalama wake pia.

Pili, kukaa. Kwenye kona asiinuke wala asijivute upande wa pili kwa hofu. Mabega yake yafuate mabega ya mumewe. Wakati wa kuteremka mwili unateleza mbele na uzito wote unamwelemea dereva mgongoni, na dereva aliyeelemewa anauminya mpini. Ashike chuma cha nyuma cha siti kwa mkono mmoja, mkono wa pili auweke kwenye tangi, abonyeze miguu kwenye vikanyagio. Wakubaliane ishara kabla ya kuondoka: kugonga bega mara moja ni punguza, mara mbili ni simama. Kwenye upepo sauti haisikiki.

Tatu ni baridi, na hii sisi watu wa pwani huwa hatuiamini mpaka itufike. Juni hadi Agosti usiku wa Lushoto hushuka karibu na nyuzi 10. Ukiwa juu ya pikipiki asubuhi na ukungu umetanda, vidole vinakuwa vizito hata breki huwezi kuihisi vizuri. Glovu, soksi nene, na kitu cha kukinga kifua upepo. Gazeti likikunjwa ndani ya koti nalo linasaidia.

Mwana_wa_Soni

Karibuni nyumbani. Mimi ni Msambaa, niko Unguja kwa biashara ya mboga. Karoti na kabichi zinazoteremshwa sokoni hapa, nyingi zimepita kwenye barabara mnayoizungumza.

Kutoka Mombo barabara inaanza kupanda karibu mara moja. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo na mto chini. Ni lami, ilichongwa tangu enzi za Wajerumani, wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, na upana wake haukufikiria Fuso. Mvua ikinyesha mawe huanguka kutoka ukutani, na mengine hubaki barabarani mpaka mtu aone huruma ayasukume. Soni iko katikati ya njia. Pale pana maporomoko ya maji kando ya barabara na njia ya kwenda Bumbuli inachepuka. Simameni hapo, sogezeni mkono karibu na ngoma za breki bila kuzigusa, zikiwa za moto mnywe chai kwanza.

Sasa kona. Kona nyingi huoni mwisho wake. Angalia pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Mahali hapo pakisogea mbele kadiri unavyokwenda, kona inafunguka. Pakiganda au pakikusogelea, kona inajikunja zaidi na mwendo wako ni mkubwa. Breki imalizike kabla hujaingia, ndani ya kona shika mwendo ule ule, na macho yaende unakotaka kutokea. Ukitazama korongo utakwenda korongoni, mkono hufuata jicho. Kona ya kulia kaa kushoto kabisa, utaona mbali. Kona ya kushoto usijibane sana ukingoni kwa sababu huoni kitu, lakini pia usikaribie mstari wa kati, maana lori linaloteremka mkia wake unafagia upande wako. Piga honi kabla ya kila kona iliyofungwa. Huku si ufidhuli, kila mtu anapiga.

Na mlio watatu, kila mmoja akate kona yake. Ajali nyingi za misafara ninazozisikia ni mtu wa nyuma kufuata taa ya mwenziwe badala ya kutazama barabara. Aliyepakia atangulie ili mwendo uwe wake, wengine waache nafasi, mkutane penye njia panda.

Mtambile125

Allah awabariki. Dada BintiKonde, shemeji yako ameshasomewa na amesoma tena mwenyewe. Ameshaomba glovu.

Nina la karatasi. Namba zetu ni za Z, yaani za Zanzibar. Kuna aliyevuka karibuni na chombo chake atueleze bandarini wanataka nini? Na meli, tunategemea ile ya Azam Sealink inayobeba magari.

Bandari_Mkoani

Usikate tiketi kwanza. Nenda ofisi ya mapato ukiwa na kadi ya usajili, leseni na kitambulisho, uwaeleze kwamba unaingiza chombo bara kwa muda na utakirudisha, wakuandikie kibali. Kadi kama ina jina la mtu mwengine, chukua barua yake. Bima iwe hai na uhakikishe kwa wakala wako kwamba inafanya kazi bara pia. Hapo Tanga mjini na kila penye makazi mwendo ni 50, na askari wa tochi wako njia nzima hadi Mombo, basi karatasi ziwe mahali unapozifikia bila kufungua mizigo yote.

Ndani ya meli pikipiki isimame kwa stendi kubwa kama inayo, gia ya kwanza, na ifungwe kamba pande mbili. Leteni kamba zenu. Petroli iwe kidogo tu tangini, mtajaza Tanga.

Ratiba iulizeni ofisini wiki ile ile ya safari, na tena siku moja kabla. Siku hubadilika.

Mtambile125

Hapo kwenye ratiba ndipo nilipokaa nikafikiri sana, na nataka niwaambie nilipofikia.

Watu wa kisiwani safari zetu zote zinafungwa na meli. Mtu anajiambia meli inaondoka kesho, lazima leo niwe Tanga, na hapo ndipo anapoteremka mlima jioni, au kwenye ukungu wa alfajiri, au mvua ikinyesha. Mlima haukumlazimisha. Meli ndiyo iliyomlazimisha. Kwa hiyo nimeamua siku ya kuteremka isipakane na siku ya meli. Tukiteremka tutalala Tanga, na kati ya hapo na meli nitaweka siku moja nzima isiyo na kazi. Mvua ikinyesha Lushoto asubuhi ile, tunakaa, tunakunywa chai, tunateremka kesho yake na meli bado inatusubiri. Ikiwa kavu, tunaondoka Lushoto saa nne asubuhi, ukungu umekwisha na lami imepata jua.

Kwenda ni hivi. Tunalala Tanga baada ya meli. Baada ya swala ya alfajiri tunaondoka, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo. Hadi Lushoto yenyewe haizidi sana kilomita 170, lakini nataka tufike Mombo kabla ya saa sita, tule, tupumzike. Dhuhuri na alasiri tutakusanya na kupunguza hapo hapo, ili tusipande tukiwa na haraka ya kitu chochote. Ruhusa ya msafiri ipo na hapa ina faida yake.

Tutalala Lushoto usiku wa mara nne. Siku ya kwanza ya kuamka kule, mizigo inabaki nyumba ya wageni pamoja na mke wangu, sisi madereva tunateremka hadi Soni na kupanda tena, tukiwa wepesi. Nataka kila mmoja aujue mteremko kabla hajaubebea mtu au mzigo. Hata hapa Mkoani tumeanza: ile barabara inayoteremka mjini hadi bandarini tunaishuka kwa gia ya pili bila kugusa breki mpaka chini. Ni fupi, lakini mkono unazoea kuiachia breki.

Mwana_wa_Soni

Sasa umepanga. Siku nyingine nendeni Irente, ni kama kilomita 5 tu kutoka mjini, mtasimama ukingoni muone Mazinde yote chini na barabara mliyokuja nayo. Msitu wa Magamba uko juu ya mji, njia yake ni baridi na ina kivuli kizito. Mtae ndiyo tamu zaidi kwangu, kijiji kimekaa juu ya ukingo wa mlima na Mkomazi imetandazwa chini. Lakini ni kama kilomita 60 kwenda peke yake na sehemu kubwa ni udongo. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni kama sabuni. Jazeni petroli Lushoto kabla ya kutoka, na mvua ikiwa imenyesha usiku, msiende. Nasema hivi nami ndiye niliyezaliwa huko.

Kijana_Darajani

Nimekubali, Mbeya isubiri. Lakini hiyo siku tupu ya Tanga, si mngekwenda Amani? Ipo hapo juu ya Muheza, bustani ya mimea ya Wajerumani ya tangu 1902, na kona zake nasikia ni kali kuliko za Lushoto.

Dereva_wa_Masafa

Ni kali kweli. Muheza hadi Amani njiani kuna udongo, na kutoka Sigi kwenda juu kona zinarudi zilikotoka, moja juu ya nyingine, ndani ya msitu wenye giza mchana. Pazuri mno. Lakini mvua ya Usambara Mashariki haina msimu unaoweza kuutegemea, na ile siku tupu mwenzio ameiweka ili isijazwe. Ukiijaza, meli imerudi kuwa bosi wako.

Mtambile125

Siku tupu itabaki tupu. Amani tutaipa safari yake.

Fundi, swali la mwisho. XL zote mbili zina cheni ambayo bado nzima kwa macho. Nikibadilisha sproketi ya mbele peke yake, cheni ya zamani itakubali? Na ya Boxer, kwa vile nimepakia, nitoe meno mawili?

Fundi_Kwerekwe

Moja tu, hata iliyopakia. Ukitoa mawili cheni inajikunja mno pale mbele na italia njia nzima ya Segera, na injini itakuwa juu muda wote.

Cheni iangalie hivi. Ishike katikati ya meno ya sproketi ya nyuma, kule mwisho kabisa, uivute. Ikiinuka mpaka uone nusu ya jino, imekwisha, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Ikikaa imara, weka sproketi mpya ya mbele, rudisha gurudumu la nyuma kidogo ili cheni isilegee, na upime ulegevu wake mkeo akiwa amekaa, si chombo kikiwa kitupu. Ukishafunga, kaza nati ya ekseli, kisha rekebisha fimbo ya breki ya nyuma, maana gurudumu likirudi nyuma breki nayo inabadilika. Hilo wengi hulisahau. Tembea nayo Mkoani hadi Chake na kurudi, kaza tena, ndipo ukakate tiketi.